Kibodi ya Kuchapia Kiswahili: Mwongozo Kamili wa Kuchagua, Kupima na Kutunza kwa Wanaofanya Kazi Dodoma

Anayechapa Kiswahili kutwa nzima huchoka kidole kimoja kabla ya vingine vyote: kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Ndicho kinachobonyeza A, na A ndiyo herufi inayojirudia kuliko zote katika lugha yetu. Jirani yake, kidole cha pete, kinabonyeza W. Kila "wa", kila "wana", kila "walikuwa" inaviangukia vidole viwili vilivyo dhaifu kuliko vyote mkononi. Chukua neno "watawasaidia". Lina herufi 12. Kumi zinachapwa na mkono wa kushoto, na tano kati ya hizo ni A. Mkono wa kulia unaambulia I mbili tu.

Mpangilio huu wa QWERTY ulitengenezwa Marekani katika miaka ya 1870 kwa ajili ya mashine ya kupigia chapa ya Christopher Latham Sholes, na kompyuta zikaurithi. Ofisi haiwezi kuubadili bila kuwavuruga watu wote wanaoketi mbele ya mashine hiyo. Kinachowezekana ni kuchagua kibodi ambayo uzito wake, kina chake na mlio wake vinaipa nafuu mikono inayochapa Kiswahili. Ushauri mwingi unaosomwa kuhusu kibodi umeandikwa na wachapaji wa Kiingereza au wachezaji wa gemu. Una mambo mazuri, lakini kidole kidogo cha kushoto haukijui.

Nimewaandikia watu wa Dodoma na kanda ya kati: Waandishi Waendesha Ofisi wa wizara kule Mtumba, wahasibu wa halmashauri za Bahi, Chamwino na Kongwa, wanafunzi wa UDOM wanaomalizia tasnifu, na dada na kaka wa steshenari wanaochapa barua za watu tangu asubuhi mpaka taa za barabarani zinawaka. Mji huu sasa unaishi kwa nyaraka. Vidole vya wanaozichapa vinastahili kufikiriwa.

Hatua ya 1: Itaje kazi yako kabla hujaenda dukani

Chukua karatasi, jibu maswali manne. Je, unachapa maneno zaidi au tarakimu zaidi? Nani anakaa ndani ya mita mbili kutoka ulipo? Unachapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama, au kwa vidole viwili huku macho yakiwa chini? Kibodi ni yako peke yako, au inapokezanwa?

Majibu haya yanabadilisha kila kitu kinachofuata. Matangazo ya ajira za uandishi wa ofisi serikalini huomba hatimkato, yaani mwandiko wa haraka wa alama, ya Kiswahili na Kiingereza ya maneno 80 kwa dakika. Mtu wa namna hiyo anarudi mezani na kurasa nyingi za kuchapa kwa mkupuo mmoja, hivyo anahitaji kibodi isiyomchosha kuanzia saa ya tatu ya kazi na kuendelea. Mwenye steshenari anahitaji kitu kingine, yaani kibodi ambayo mteja yeyote akiikalia kujaza fomu ya mkopo wa elimu ya juu ataziona herufi vizuri, na ambayo ikifa Jumatatu inapatikana nyingine Jumatatu hiyo hiyo. Mwanafunzi anayelala chumba kimoja na wenzake watatu, kwake swali la kwanza ni kelele.

Hatua ya 2: Jua kilichomo chini ya vitufe

Kibodi nyingi tunazozikuta maofisini ni za mpira. Chini ya kila kitufe kuna kikombe kidogo cha mpira, na chini ya vikombe hivyo kuna karatasi za plastiki zenye njia za umeme. Ukibonyeza, mpira unabonyea mpaka mwisho, karatasi mbili zinagusana, herufi inatokea. Ni rahisi, ni za kimya kiasi, na vumbi haliingii kirahisi kwenye njia za umeme. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi lazima ufike chini kabisa ndipo herufi itoke, na mpira ukizeeka kila kitufe kinakuwa na tabia yake: E laini, A nzito, spesi inayonata.

Kibodi ya laptopu nayo kwa kawaida ni ya mpira, lakini kitufe kinashikiliwa na vijimikono viwili vilivyopishana kama mkasi. Kina chake ni kifupi, milimita moja na nusu hivi au pungufu. Wapo wanaoipenda sana kwa sababu vidole havisafiri mbali. Zipo pia kibodi za mezani za aina hii, nyembamba, na kwa aliyezoea laptopu ni chaguo la heshima kabisa.

Aina ya tatu ni ya kimekanika. Hapa kila kitufe kina swichi yake kamili yenye springi na mguso wa chuma. Kitufe kinashuka milimita 4, lakini herufi inatoka katikati ya safari, kwenye milimita 2 hivi. Mwenye mkono mwepesi hujifunza kutofika chini, na vidole vinashukuru. Swichi zilizoeneza mtindo huu ni za kampuni ya Kijerumani ya Cherry, mfululizo wa MX ulioanza miaka ya 1980. Ulinzi wa hataza yake ulipokwisha, viwanda vya China vikaanza kutengeneza zinazofanana nazo, na ndiyo maana leo hata duka la kawaida la vifaa vya kompyuta hapa mjini linaweza kuwa na moja dirishani, mara nyingi ikiwa na taa za rangi zote.

Rangi za swichi zina maana, nazo ni zaidi ya urembo. Nyekundu inashuka moja kwa moja bila kizuizi. Kahawia ina nundu ndogo katikati inayokiambia kidole kwamba herufi imeshatoka. Bluu ina nundu na juu yake mlio mkali. Muuzaji asipojua rangi ya swichi, mwombe ang'oe kofia ya kitufe kimoja, utaiona mwenyewe.

Kuna watu wazima wanaozikumbuka kibodi za IBM, hasa ile iitwayo Model M iliyotoka mwaka 1985. Springi yake hupinda ghafla na kugonga, na uzito wake mezani ni wa kifaa kilichokusudiwa kuishi miaka mingi. Ukiikuta stoo ya ofisi ya zamani na bado inafanya kazi, usiitupe. Ila nyingi zina plagi ya duara ya zamani, kwa hiyo utahitaji adapta, tena adapta inayobadilisha ishara. Ile ya bei ndogo inayobadili umbo la plagi tu haitafanya kazi nayo.

Hatua ya 3: Chagua uzito kwa kidole kidogo

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri wa kawaida. Wengi hupima uzito wa kibodi kwa kubonyeza kitufe kwa kidole cha shahada, kidole chenye nguvu, wakasema "hii safi". Kidole cha shahada kitafurahia karibu kitu chochote. Mpe kazi hiyo kidole kidogo cha kushoto: bonyeza A mara hamsini mfululizo kwa mwendo wako wa kawaida, kisha chapa "wa wa wa wa" mpaka mstari ujae. Kama mshipa wa nje ya kiganja umeanza kuvuta, kibodi hiyo ni nzito kwako hata kama mwenzako anaisifu.

Kwa tarakimu: swichi nyekundu ya Cherry inahitaji kama gramu 45 ili herufi itoke, kahawia kama 55, bluu kama 60. Kibodi za mpira hutofautiana, nyingi zikiwa kati ya 50 na 70. Kwa mchapaji wa Kiswahili anayefanya kazi saa nyingi, mimi husema akae kati ya 45 na 55. Chini ya hapo kuna hatari nyingine: vidole vikipumzika juu ya vitufe herufi zinajichapa zenyewe, na katika Kiswahili A ya ziada ni kosa linalojificha. "Kata" ikiwa "kaata" utaiona. Lakini "pa" na "paa", "za" na "zaa" yote ni maandishi halali, na programu ya kukagua tahajia haitakuamsha.

Nundu au bila nundu? Anayechapa kwa vidole kumi bila kutazama hufaidika na nundu, kwa sababu kidole kinajua lini kiinuke. Anayechapa polepole huku anafikiri, mwandishi wa ripoti au tasnifu, mara nyingi hupenda swichi laini. Hapa hakuna aliyekosea. Ninachokataa ni mtu kuchaguliwa kibodi na afisa ugavi ambaye hajawahi kuchapa kurasa kumi kwa siku moja. Kama ofisi yako inanunua kwa jumla, omba zije mbili za mfano kwanza, wachapaji wazikalie siku nzima, ndipo oda iandikwe.

Hatua ya 4: Pima mlio kwa masikio ya jirani

Mlio wa kibodi una vyanzo vitatu, na ukivichanganya utatibu kisichoumwa. Cha kwanza ni mlio wa swichi yenyewe, ule ukali wa swichi ya bluu. Huo hauondoki kwa dawa yoyote isipokuwa kubadili swichi. Cha pili ni kitufe kugonga chini na kurudi juu. Huu ndio mlio mkubwa kwa kibodi nyingi, na unategemea sana nguvu ya mchapaji. Cha tatu ni mtikisiko wa vitufe virefu: spesi, Enta, Shifti. Chini yake kuna waya wa kuviweka sawa, na waya huo ukikauka unakwaruza na kutikisika.

Ongeza la nne ambalo halimo ndani ya kibodi: chumba. Ofisi nyingi mpya za hapa zina sakafu ya vigae, kuta tupu na madirisha makubwa ya vioo. Sauti haina pa kunywea. Kibodi iliyosikika ya kiungwana dukani, katikati ya maboksi na kelele za bodaboda, inageuka kero ukiiweka kwenye chumba cha watu sita saa nne asubuhi. Ndiyo maana ninasimamia hili bila kuyumba: swichi ya bluu haifai ofisi ya kushirikiana, haifai bweni, na haifai meza ambayo mikutano ya mtandaoni inafanyikia, kwa kuwa maikrofoni ya laptopu iko sentimita chache tu kutoka kwenye vitufe na itawapelekea wenzako kila mlio wa herufi. Ukiipenda, na wapo wanaoipenda kwa dhati kwa sababu mlio unawapa mwendo, itumie nyumbani kwenye chumba chako.

Ili kupima, mwombe mtu mmoja akae upande wa pili wa meza, ageuke, asitazame. Wewe chapa aya moja kwa kasi yako ya kweli. Muulize anasikia nini zaidi: "ka-ka-ka" kali, au "du-du-du" la chini, au mtikisiko wa spesi. Mlio wa chini watu huuzoea haraka. Mlio mkali wa juu unachosha masikio hata kama si mkubwa.

Sasa tiba, kuanzia ya bure. Weka kitambaa kizito chini ya kibodi, kipande cha kitenge kilichokunjwa mara nne au mkeka wa mpira. Meza ya mbao tupu inakuza sauti, na kitambaa kinaikata kwa namna utakayoisikia mara moja. Kisha punguza nguvu ya vidole, jambo ambalo wachapaji waliojifunzia mashine za chuma hulihitaji sana, maana mashine zile zilidai kupigwa na mkono haujasahau. Kwa kibodi ya kimekanika, kuna vipete vidogo vya mpira vinavyovalishwa ndani ya kofia ili kitufe kisigonge chini. Vinapunguza mlio lakini pia vinafupisha kina na kuleta hisia ya kubonyeza sifongo, kwa hiyo jaribu kwenye vitufe vichache kabla ya vyote. Spesi inayotikisika ing'oe taratibu, paka grisi kidogo ya silikoni kwenye ncha za waya wake, irudishe. Ni kazi ya dakika kumi na kwa kibodi nyingi ndiyo inayoleta badiliko kubwa kuliko lolote. Grisi ya magari iache gereji.

Kama kimya ndiyo haja yako kuu na pesa ipo, tafuta swichi za kimekanika zilizotengenezwa kwa ukimya. Ndani yake zina vipande vya mpira juu na chini ya safari ya kitufe. Mchapaji wa usiku mwenye mtoto mchanga chumbani atazipenda.

Hatua ya 5: Ukubwa, herufi na alama ya pauni

Kibodi kamili ina vitufe 104 kwa mpangilio wa Marekani na 105 kwa mpangilio wa Uingereza. Ile isiyo na sehemu ya tarakimu upande wa kulia ina kama 87. Mhasibu, karani wa masjala anayeingiza namba za majalada, na yeyote anayeandika "Sh. 1,475,000/=" mara mia kwa siku, achukue kamili asihangaike. Asiyegusa tarakimu sana afikirie fupi, kwa sababu kipanya kinasogea karibu na bega la kulia linapumzika. Zile ndogo kabisa za vitufe 60 hivi, zisizo na hata mishale, zinapendeza mezani lakini kuhariri waraka mrefu kwazo ni adha. Kwa kazi ya ofisi sizipendekezi.

Kuhusu mpangilio, fungua macho hasa ukinunua za mtumba. Kompyuta zilizotoka Uingereza huja na kibodi yenye Enta ndefu ya kusimama, alama ya £ juu ya 3, na Shifti ya kushoto iliyofupishwa ili kutoa nafasi kwa kitufe kimoja cha ziada pembeni ya Z. Za Marekani zina Enta ya kulala na # juu ya 3. Kidole kidogo cha kushoto, kile kile chenye mzigo wa A, ndicho kinachotafuta Shifti hiyo fupi, kwa hiyo kama unaweza kuchagua chukua yenye Shifti ndefu. Zilizotoka Ujerumani zina Z mahali pa Y na Y mahali pa Z. Za Ufaransa zina A mahali pa Q. Kwa lugha yenye "ya" na "za" kila mstari, hizo ziache hata zikiuzwa bei ya kutupa. Zenye maandishi ya Kiarabu pembeni ya herufi za kawaida hazina tatizo, kwani herufi zetu ziko mahali pake.

Angalia pia herufi zilivyoandikwa. Pita kwenye steshenari yoyote iliyofanya kazi miaka miwili na utaona A imefutika kabla ya nyingine. Kofia za bei ya chini herufi zimechapwa juu tu kwa wino. Ukipitisha kucha unausikia ukingo wake. Bora ni zile ambazo herufi imeumbwa kwa plastiki ya pili iliyopita ndani ya kofia, au ambazo rangi imezama ndani ya plastiki. Plastiki yenyewe pia ni ya aina mbili kuu: ABS, ambayo baada ya miezi inakuwa laini na kung'aa kama imepakwa mafuta, na PBT, ambayo ina ukwaruzo kidogo na inakaa hivyo muda mrefu zaidi. Vidole vinavyotoa jasho vinashikika vizuri kwenye PBT.

Taa? Umeme ukikatika na laptopu ina chaji, mwanga mweupe mdogo chini ya vitufe unasaidia kweli. Taa za rangi zinazokimbia hazisaidii mtu yeyote kuchapa. Isiyo na waya au yenye waya? Kwa meza ya kudumu, waya. Haiishiwi betri katikati ya muhtasari wa kikao.

Hatua ya 6: Jaribio la dukani

Usinunue kibodi iliyofungwa kwenye boksi bila kuomba iliyofunguliwa ya mfano. Muuzaji mwelewa atakubali. Ukimwambia "kaka, mimi nachapa kutwa, niruhusu dakika tano", wengi hawakatai. Ichomekwe kwenye kompyuta, ufungue ukurasa mtupu, ukae kwenye kiti. Kuchapa ukiwa umesimama mbele ya kaunta hakukuambii kitu, maana viganja vinaning'inia pembe ambayo hutakuwa nayo kazini.

Anza kwa kufumba macho na kutafuta vinundu vya F na J kwa vidole vya shahada. Visipopatikana mara moja, kibodi hiyo itakupotezea mahali kila ukiinua mikono. Kisha chapa sentensi hii mara tatu, kwa kasi yako ya kila siku:

"Wakazi wa Chang'ombe waliokwama barabarani walikuwa wakingojea ng'ombe 27 wa Mvumi wavuke, gharama ni Sh. 350,000/= tu."

Imebeba karibu kila kinachokusumbua: A na W nyingi, "ng'" mara mbili, herufi kubwa, tarakimu, mkwaju na alama ya sawasawa. Sikiliza mkono wako. Je, A ya mwisho wa neno ilitoka bila kubonyezwa kwa makusudi? Je, alama ya ritifaa, iliyo chini ya kidole kidogo cha kulia, inafikika bila kugusa Enta? Je, spesi inapokea ukiigusa pembeni, au inadai katikati tu? Hili la spesi usilipuuze. Kibodi nyingi za bei ndogo spesi yake hukwama ukiigonga kwa dole gumba upande mmoja.

Soma ulichochapa. Herufi zilizoruka mara kwa mara mahali pale pale ni kasoro ya kibodi au ni uzito usiokufaa. Makosa yaliyotawanyika huku na huku ni ugeni tu, na ugeni unapona.

Hatua ya 7: Iweke sawa siku ya kwanza

Kaa kitini, acha mikono ining'inie, kunja viwiko mpaka vifikie pembe mraba. Hapo viganja vilipo ndipo kibodi inapotakiwa kuwa. Meza nyingi zinazotengenezwa na maseremala wetu ni za kuandikia kwa kalamu, ziko juu mno kwa kuchapa. Inua kiti na uweke kitu cha kukanyagia, au mwambie fundi atengeneze droo ya kuvuta chini ya meza. Vile vijimiguu vya nyuma ya kibodi vikunje. Watu huvisimamisha kwa mazoea, lakini vinainua vitufe na kukivunja kifundo cha mkono kuelekea juu, na hapo ndipo maumivu ya muda mrefu yanapoanzia. Pedi ya kulazia viganja ni ya mapumziko kati ya sentensi. Wakati wa kuchapa viganja vielee.

Kisha hakikisha kompyuta inaelewana na kibodi. Bonyeza Shifti na 2. Kibodi imeandikwa @ lakini kioo kinaonyesha alama ya kufungua usemi? Mpangilio wa ndani ni wa Uingereza na kibodi ni ya Marekani. Nenda kwenye mipangilio ya lugha ya Windows, ongeza mpangilio sahihi, ondoa mwingine. Ukiacha yote miwili, kitufe cha Windows pamoja na spesi kinabadilisha kutoka mmoja kwenda mwingine, na mtu atavigusa bila kujua halafu akuite aseme kompyuta ina virusi.

Kuna mtego mwingine unaotuhusu sisi hasa. Mpangilio uitwao US-International hutumia ritifaa kuweka alama juu ya irabu. Ukichapa "ng'ombe" unapata "ngómbe". Ukikuta hivyo, usilaumu kibodi. Rudisha mpangilio wa US wa kawaida.

Mwisho, jipe wiki mbili. Kasi hushuka kwa siku za mwanzo kwenye kibodi yoyote mpya na kurudi taratibu. Lakini maumivu si ugeni. Ganzi vidoleni, au mchomo unaopanda kwenye mkono usiku, ni sababu ya kuacha kibodi hiyo na kumwona daktari.

Hatua ya 8: Kiangazi, vumbi na chai

Dodoma haina huruma kwa kibodi. Mvua huanza Desemba hivi na kuisha Aprili, na miezi iliyobaki ni ukavu na upepo unaobeba udongo mwekundu kupita kwenye kila upenyo wa dirisha. Kwenye kibodi ya mpira vumbi linafanya vitufe vikwaruze. Kwenye ya kimekanika linaweza kuingia mpaka kwenye swichi, na dalili yake ni herufi moja kutoka mara mbili. A ndiyo huanza, kwa kuwa ndiyo inayofanya kazi kuliko zote.

Kila jioni ifunike. Kitambaa cha kawaida kinatosha; sipendi ile ngozi ya silikoni inayokaa juu ya vitufe wakati wa kuchapa, kwa sababu inaua hisia yote uliyoichagua kwa uangalifu. Kila Ijumaa igeuze kichwa chini, igonge mgongoni kwa kiganja, pitisha brashi laini ya rangi kati ya mistari. Ukiipeleka kwa fundi mwenye blowa, mwambie apulizie kwa mbali na kwa ubavu, maana kupuliza kutoka juu kunasukuma vumbi ndani zaidi. Mara moja kila msimu, kwa ya kimekanika, piga picha ya vitufe kwa simu, ng'oa kofia zote, zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, zianike kivulini usiku kucha, kisha zirudishe kwa kufuata picha. Thina na petroli zisiguse plastiki kabisa, ABS inayeyuka. Kitambaa chenye unyevu kidogo kinaondoa uchafu mwingi wa juu.

Swichi inayorudia herufi kwanza ipulizwe na kubonyezwa haraka haraka mara kadhaa. Isipopona, kibodi ambazo swichi zake huchomolewa bila kuyeyusha risasi zitakuokoa: hamisha swichi ya A kwenda kwenye kitufe cha Scroll Lock ambacho hukigusi, na ya Scroll Lock ije kwenye A. Kibodi ya bei nafuu yenye uwezo huu ni bora kwa mji wetu kuliko ya ghali isiyo nao.

Chai ikimwagika, chomoa waya kabla ya kufuta chochote, kwenye laptopu zima kabisa. Igeuze kibodi kichwa chini papo hapo na uiache ichuruzike. Chai ya maziwa yenye sukari inabaki ikinata, kwa hiyo kofia lazima zing'olewe na sehemu za chini zifutwe kwa kitambaa chenye maji safi. Usiianike juani, plastiki inapinda. Kwa ukavu wa hapa siku mbili kivulini zinatosha. Kipindi cha mvua ongeza ya tatu, halafu ndipo uichomeke na kujaribu A kwanza.